Tasnifu ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao kule bondeni, Nyati alikaa chumba kimoja na Nguchiro. Nimesema Nguchiro, msimchanganye na Kicheche. Kicheche utamjua kwa harufu; Nguchiro humjui mpaka amekwisha kupita.

Nyati aliwashinda wote darasani kwa akili. Lakini tasnifu yake, ya kueleza kwa nini visima vya bonde hukauka, hakuianza. "Kesho," alisema, na kesho ikazaa kesho. Mwishowe akaona haya kukutana na mwalimu wake, Profesa Tandala. Akimwona kwa mbali, hujitupa kichakani, kwacha!

"Kaka Nyati, Profesa ameniuliza habari zako," Nguchiro akamwambia wakinywa chai.

"Lo! Amesemaje?"

"Ah, kaka, usiulize! Amefoka mpaka pembe zikatikisika. Hataki kukuona mpaka umalize."

Moyo wa Nyati ukapiga pu, pu, pu. "Basi siendi!"

"Usiende. Nitamwambia unaumwa. Wewe nisimulie tu uliyoyafikiri, upunguze mzigo."

Kila alasiri Nyati akasimulia, huku akipuliza chai yake: jinsi mizizi ya migunga inavyokunywa maji chini kwa chini, jinsi kisima kinavyokufa kabla jua halijakifikia. Nguchiro alisikiliza, mkia umetulia tuli.

"Enhe? Halafu?"

Nyati akajiona anafanya kazi. Hakuandika hata neno.

Siku ya mwisho ya kupokea tasnifu, akajikaza, akaenda. Ngo, ngo, ngo!

"Nyati, mwanangu! Umepona?" Profesa Tandala akainuka. "Kila mara nilimtuma Nguchiro akuite. Nilimwambia, hata kama hajaandika, na aje tuanze pamoja."

"Hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa nini?"

Nyati akaanza kueleza habari za migunga na visima, upesi upesi, asije akakatizwa. Uso wa Profesa ukabadilika.

"Nyati, hayo ni ya Nguchiro. Nimeyasoma yote katika tasnifu yake, na baraza la chuo limekwisha kuyapitisha."

"Ni yangu, Profesa! Wallahi ni yangu!"

"Yako yapo wapi? Nionyeshe japo ukurasa mmoja."

Nyati akatazama kwato zake tupu.

Nje vigelegele vikalia. Wenzao walikuwa wamembeba Nguchiro juu juu, joho limemzidi kimo.

"Nenda kapumzike, mwanangu," akasema Profesa Tandala, bila kumtazama.

Wanangu, amkimbiaye mwalimu wake humwachia mjanja elimu yake.