Sahani ya Bi Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya midomo iliyojaa? Mezeni kwanza, ndipo mniitikie. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana, palikuwa na Mtaa wa Michongoma. Kwenye kona ya mtaa huo, karibu na kisima, aliishi Bi Kanga, mjane, mkaanga vitumbua. Kila asubuhi aliwasha moto, akakaanga, na waliokwenda kuteka maji wakanunua. Kona ile ndiyo iliyomlisha.

Mtaa huo ulikuwa na desturi yake: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mbaazi, unairudisha na embe. Huna embe? Weka chumvi. Huna chumvi? Majani ya mchaichai, basi. Hata Panya, fukara wa mtaa, aliirudisha na punje tatu za mtama.

Siku moja akaja Fisi, amevaa koti. Alikuwa na majiko katika mitaa saba, na yote saba yalipika viazi vya namna moja, vya chumvi moja, ndani ya maboksi mekundu. Sasa aliitaka kona ya kisima, ajenge jiko la nane.

— Alipika na kuku?

Shaibu, unauliza kuku mbele ya Bi Kanga? Shika adabu yako.

Mzee Punda, mjumbe wa mtaa, akaita mkutano. Bi Kanga akasimama, akasema hakubali. Fisi akacheka, akasema huyo mama ana wivu tu, mwenye kikaango kidogo huogopa sufuria kubwa. Bi Kanga akakaa chini. Kilichomuuma ni kwamba hakujua kama ni uongo. Viazi vya Fisi alishavionja, na vilikuwa vitamu. Nguchiro na vijana wenzake walivitaka, wazee hawakuvitaka. Punda akaamua Fisi apike pale siku tatu chini ya turubai, kisha mtaa useme.

Siku ya kwanza Bi Kanga alimfanyia Fisi kama anavyomfanyia jirani yeyote mgeni. Alichukua sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, aliyoachiwa na mama yake, akaijaza vitumbua, akampelekea. Jioni sahani ikarudi. Ilikuja inaimba:

Bibi yangu, bibi yangu,
nilikwenda nimejaa,
nimerudi mtupu,
jirani hana salamu.

Bi Kanga akasema moyoni, mgeni hajui, tusimhukumu.

Siku ya pili akaijaza mbaazi za nazi, akaipeleka mwenyewe, akamweleza Fisi desturi pole pole, kama mtu anavyomweleza mkwe. Fisi akaitikia kwa kichwa. Jioni sahani ikarudi, na juu yake karatasi ya bei za viazi. Ikaimba vipi, watoto?

— Nilikwenda nimejaa, nimerudi mtupu, jirani hana salamu!

Ndivyo. Siku ya tatu Bi Kanga alikaa na sahani mapajani muda mrefu. Alijiuliza kama anampelekea jirani chakula au anamtega. Mwishoni akasema, mimi nitafanya langu. Akaijaza wali, akapeleka. Jioni ikafika, sahani haikurudi. Alfajiri akaenda kuitafuta, na Punda akafuatana naye. Walipopita jalalani wakasikia sauti nyembamba chini ya maboksi mekundu:

Bibi yangu, bibi yangu,
nilikwenda nimejaa,
sikurudi, nimetupwa.

— Masikini!

Masikini, ndiyo. Bi Kanga aliifuta kwa bawa lake, akalia bila kuona haya.

Kwenye mkutano Fisi hakuona kosa. Alisema kwake kila chombo kikishatumika hutupwa, huo ndio wepesi wake, na kama shida ni sahani atawanunulia mia, mpya.

Bi Kanga akasimama tena. "Sahani ninazo, mwanangu," akasema. "Nilipofiwa na mume wangu, nyumba yangu haikuwashwa moto siku saba, na sikulala njaa hata siku moja. Siku nikifiwa tena, katika hizo mia zako, ipi itakuja mlangoni kwangu?"

Punda akauliza nani anataka jiko lile kwenye kona. Nguchiro, aliyekuwa na boksi mkononi, akaliweka chini. Hakuna aliyeinua mkono.

Fisi alipokuwa anakunja turubai, Bi Kanga akamjia na ile sahani ya ukingo wa buluu, imejaa vitumbua vya moto. Akamwambia safari ni ndefu, asiende na njaa. "Ukitaka kurudi," akasema, "njia unaijua, na desturi unaijua."

— Sasa sahani ilirudi?

Hidaya, mbona unaniuliza mimi? Ile ya maua, ya jirani yetu Mama Sikudhani, iliyokuja na pilau Ijumaa, iko wapi?

— ...Kabatini.

Tangu Ijumaa. Basi funzo lenu ndilo hilo: chakula cha kununua huisha ukishiba, lakini cha jirani hakiishi mpaka kirudi kwake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Hidaya, ilete hiyo sahani. Shaibu, kachume mchaichai.