Chambo cha Mchwa

Mzee Lutengano alikuwa mlinzi wa msitu wa kijiji. Ulikuwa na mikaratusi mia nne, iliyopandwa ili mbao zake zije kuezeka wodi ya wazazi pale kijijini. Binti yake alifia njiani akipelekwa kujifungua hospitali ya mbali, na tangu hapo moyo wake wote ulikuwa kwenye ile miti.

Mwaka wa tisa mchwa wakaingia. Miti ilisimama na majani yake, lakini mingine ukiigonga unasikia uwazi ndani.

Akaitwa afisa misitu wa tarafa, mama mmoja mpole aitwaye Sekela. Karibu na kila kichuguu alifukia vipande vya mbao laini vilivyolowekwa sumu.

"Hiki ni chambo, mzee wangu," alisema. "Sumu yake ni ya polepole kwa makusudi. Mchwa watakula, watabeba, watamlisha malkia wao huko chini. Utawaona wengi kuliko leo. Usiwaguse. Nipe miezi miwili."

Lutengano akakubali. Lakini ilipofika wiki ya tano, mchwa walijaa kwenye chambo kama mtama uliomwagika, na watu wakaanza kusema. Mkutanoni, jirani yake Mwasomola akasimama.

"Tulimweka mzee alinde miti. Sasa anafuga mchwa."

Watu wakacheka. Lutengano akarudi nyumbani. Chakula cha jioni kilimshinda. Asubuhi alijitwika bomba la dawa kali, akapita kichuguu hadi kichuguu akinyunyizia. Mchwa walikufa papo hapo kwa maelfu. Watu wakaja kutazama, wakampa mkono, hata Mwasomola. Siku hiyo alikula akashiba.

Miezi miwili ilipotimia Sekela alirudi. Alikuta chambo hakijaguswa tena. Akachimba kichuguu cha kwanza. Malkia alikuwa hai, mnene kama kidole gumba. Cha pili, vivyo hivyo. Mikaratusi mingi ilikuwa imekwisha kwa ndani, haifai ila kuni.

"Uliwaua waliokuwa wakimpelekea sumu," alisema taratibu. "Waliobaki wakakiogopa chambo."

Kulikuwa na kichuguu kimoja tu, ng'ambo ya kijito, ambacho Lutengano hakukifikia kwa sababu dawa ilimwishia. Sekela alikipasua kwa jembe. Hapakuwa na mchwa hata mmoja aliye hai. Malkia alikuwa ameoza chumbani mwake.

Lutengano akaketi kwenye udongo.

"Siku ile niliponyunyizia," aliuliza, "zilikuwa zimebaki wiki ngapi?"

"Labda tatu, mzee wangu."

Miti iliyopona kuzunguka kichuguu kile ilikuwa kumi na sita. Haikutosha kenchi za paa la chumba kimoja.

Funzo: Kazi inayokwenda polepole huonekana uzembe machoni pa watu. Ukiivuruga ili wasikucheke leo, hasara yake mtaibeba wote, wewe na waliokucheka.