Bawa la Bi Kitwitwi

Hodi mchangani!

Nyinyi mnaitikia: Tua tukuone!

Sauti gani hiyo, hamjala? Tena. Hodi mchangani!

Tua tukuone!

Natua na nini?

Tua na neno!

Haya, sasa mmeamka. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, nataka kusikika.

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na fungu la mchanga, na mbele ya fungu palikuwa na dungu. Dungu lenyewe ni hili tulilokalia. Bibi zetu walipanda dungu kuamia mpunga. Ndege akija, kelele, makopo, shuu, toka! Sisi wa kituo cha kutazama ndege tukajenga dungu ufukweni, mpunga hakuna hata punje, na ndege akija tunanyamaza tumtazame. Bibi yangu mzaa mama alipoliona aliuliza, "Mnalinda nini hapa, matope?" Nikamwambia tunaangalia wageni. Akaniambia nikapumzike.

Maana ndege hawa ni wageni kweli. Wanatoka mbali kaskazini, wanakimbia baridi, wanakuja kwetu kula. Masika yakikaribia wameshanenepa, wanarudi kwao kuzaa. Maji yakitoka wanatawanyika matopeni. Maji yakijaa wanabanana juu ya fungu, mguu mmoja chini, mmoja tumboni, wanasinzia.

Kati yao alikuwapo Bi Kitwitwi, mdogo, anaenea kwenye kiganja, na binti yake Tunu. Tunu alikuwa na pete ya kijani mguuni. Tulimvisha sisi, ili akirudi tumjue.

Na mikokoni alikuwapo Kenge. Msicheke! Najua siku hizi jina hilo ni tusi, mimi nasema Kenge mwenyewe, wa mkia. Kenge alikula mayai, akala kaa, akala samaki waliooza, akala kiatu cha mgeni mmoja, na bado akasema, "Sijashiba."

Siku moja maji yamejaa, ndege wamesinzia. Kenge akatoka mikokoni, lep, lep, ulimi nje. Bi Kitwitwi akamwona. Akashuka mbele yake, akalaza bawa chini, akaliburuta. Kwaru, kwaru.

"Mama wee, bawa langu! Bawa langu limevunjika!"

"Pole sana, bibie," Kenge akasema, mate yanamtoka. "Ngoja nikusaidie."

Bi Kitwitwi kwaru, kwaru. Kenge lep, lep. Kwaru, kwaru, lep, lep, mpaka ng'ambo ya mikoko, kwenye tope zito. Kenge akajirusha amdake. Bi Kitwitwi purrr, juu! Kenge chubwi, mpaka shingoni!

Ndege wakacheka. Sisi juu ya dungu tukacheka. Nami nikawaeleza wageni wangu, watalii, kwa maringo, "Huyu hujifanya amevunjika bawa ili amvute adui mbali na wenzake. Hana lolote."

Siku ya pili Kenge huyo, lep, lep. Bi Kitwitwi huyo, kwaru, kwaru.

"Mama wee, bawa langu! Bawa langu limevunjika!"

"Jana ulinidanganya," Kenge akasema.

"Jana ilikuwa jana. Leo ni kweli."

Kenge alifikiri kidogo, lakini tumbo likafikiri haraka zaidi. Kwaru, kwaru, lep, lep, mpaka kwenye tope. Purrr! Chubwi!

Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Kwaru, kwaru, lep, lep, Kenge akajirusha, Bi Kitwitwi akaruka. Purrr! Ila siku hiyo kwenye mkoko palining'inia uzi wa mshipi, mvuvi gani aliuacha sijui. Ukamnasa bawani. Kach! Akaanguka nyuma ya mizizi, na hakuna aliyeona, maana Kenge alikuwa na kichwa topeni na sisi wa darubini tulikuwa tunacheka.

Kenge alipojichomoa aliapa kwa sauti, fungu zima likasikia. "Nikimwona tena mwanamke yule anaburuta bawa, nitakaa chini nimtazame. Hanipati tena, hanipati!"

Bi Kitwitwi aliukata uzi kwa mdomo, kipande kikabaki kimekaza kwenye mfupa. Akarudi kwenye fungu kwa miguu, taratibu. Bawa akalikunja vizuri, kama mtu anayeficha tundu la kanga.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pabaya. Kesho yake ilikuwa siku ya kuondoka. Tunu akamwendea mama yake.

"Mama, maji yakijaa tunaruka. Umekula?"

"Nimekula. Nyinyi tangulieni, mimi nina kazi ndogo hapa."

"Kazi gani? Siondoki bila wewe. Ukibaki, nami nabaki."

Na akibaki? Fungu tupu, masika, dhoruba, na Kenge hajashiba. Tunu angekaa pale kumlinda mama yake, na Kenge angemla yeye kwanza. Bi Kitwitwi alilijua hilo. Akimwambia mtoto ukweli, mtoto habanduki. Asipomwambia, mtoto atamsubiri aruke, na kuruka hawezi. Mimi nikifika hapa huwa naumia, nawaambia bila kuona haya.

Alasiri maji yakajaa. Ndege wote funguni, mabawa yanawawasha. Kenge akatoka mikokoni, lep, lep. Bi Kitwitwi akashuka mbele yake. Bawa hakulilaza, lililala lenyewe. Kwaru. Kwaru.

"Mama wee, bawa langu! Bawa langu limevunjika!"

Yaani alisema kweli, mbele ya watu wote, kwa maneno yale yale.

Kenge akacheka mpaka mkia ukatikisika. "Hunipati! Nimekwambia hunipati!"

Tunu naye akacheka. "Mama, leo umezidi! Hata sauti inatetemeka!"

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii," ndege wakasema. "Bado anamchezea Kenge."

"Tangulia, Tunu," mama yake akamwambia. "Tangulia, nakuja. Nikimaliza na huyu nitakukuta njiani."

"Kweli, mama?"

"Lini nimeshindwa kuruka?"

Kenge akawaza, "Huyu ananivuta huku, basi chakula kiko kule." Akampita pale pale, karibu amkanyage, akawavamia ndege. Purrr! Fungu zima likainuka, Tunu naye ndani yake. Kenge akabaki na mchanga mdomoni. Tunu alizunguka mara moja, akaita, "Twii-twii! Mama, unakuja?" Mama yake akainua lile bawa moja zima. "Tangulia, nakuja!" Tunu akaenda.

Kenge akarudi kwa Bi Kitwitwi. "Haya, tumebaki wawili. Ruka basi."

"Siwezi. Limevunjika. Nile."

"Nikudake, unichubwishe topeni? Mjinga si mimi." Akakaa chini, akamtazama.

Siku ya kwanza Kenge akamtazama. Siku ya pili Kenge akamtazama, njaa inamkata. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na Kenge akamtazama. Wageni wangu wakaniuliza, "Bibi, yule ndege mmoja mbona haendi?" Nikawajibu, "Anajifanya. Namjua." Nikamimina chai.

Siku ya kumi na moja Bi Kitwitwi alilala kwenye mchanga, bawa limenyooka, na hakuinuka. Kenge akasema, "Leo kaja na jipya. Hata kupumua hapumui. Hodari!" Wala hakumgusa.

Miezi ikapita. Jua la kiangazi lilipotulia wageni wakarudi, kundi kwa kundi, wamekonda. Nikashika darubini, nikaona pete ya kijani. Tunu! Nilipiga kelele ya furaha juu ya dungu, kinyume cha sheria zetu zote. Akatua kwenye fungu. "Twii-twii! Mama, mbona hukunikuta njiani?"

Kenge akaja, mifupa mitupu, lep, lep. "Usisogee, binti! Pale kwenye lile bawa kavu, usisogee. Ni mtego. Mama yako yule, ananisubiri nijirushe. Tangu mlipoondoka anajifanya, lakini hanipati."

Tunu akasogea. Palikuwa na manyoya machache na bawa, na kwenye mfupa wa bawa kipande cha uzi. Akasimama kando ya uzi ule. Maji yakatoka, wenzake wakatawanyika kula, yeye na safari yote ile tumboni hakula. Akasimama.

Hapo ndipo niliposhuka. Najua mtaniuliza, Bibi, kwa nini hukushuka mapema? Ngazi hii ina vipago tisa. Mnaiona.

Basi, kila ngano ina funzo, na la hii ni hili: msiseme uongo. Bi Kitwitwi alisema uongo mara tatu, akafa peke yake. Tunu yuko hai, kweli, na mwaka huu kaja na watoto wawili, lakini hilo si funzo, msilishike. Na funzo la pili, mkiwa na shaka muulizeni mtaalamu mwenye darubini, maana yeye anaona mbali.

Ngano imeinuka, inakwenda zake. Nikisema nimeruka, nyinyi mnajua la kuitikia. Msinichekee.

Nimeruka!

Tangulia, tunakuja!