Pilipili Iliyoonjwa Nchani

Mwanamke mmoja alikuwa akimtunza mama mkwe wake, mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza pilipili kali. Lakini bibi yule, asiposikia harufu ya pilipili kwenye mchuzi, sahani anaisukuma. Akawa anakonda. Na mnajua mawifi walivyo: walishaanza kuulizana huyu mwanamke anampa mama yao nini.

Basi akaamua kupanda pilipili yenye harufu lakini isiyo na ukali. Akaenda kwa jirani aliyesifika kwa bustani yake, akakuta pilipili nene, nyekundu, za kupendeza.

"Hizi zinawasha sana?"

"Onja mwenyewe, jirani. Usiniamini mimi."

Akamkatia kipande cha nchani. Nyinyi mnaolima mnajua: pilipili nchani haiwashi sana. Ukali unakaa huku juu karibu na kikonyo, kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Yule mama hakujua. Akatafuna, akatabasamu, akaondoka na mbegu.

Akasia mbegu, akapandikiza, akamwagilia. Zilipoiva akatia moja nzima kwenye mchuzi. Bibi alimeza tonge la kwanza, akajikunja analia. Wakambeba kumpeleka hospitali, na mawifi wakapata la kusema.

Mama wa watu akamrudia jirani, machozi yanamtoka. "Ulitaka kuniulia mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulionja mwenyewe?" Hata aibu hana.

Mke wa jirani alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Akasema bila kuinua uso, "Ulionja ncha, dada. Hata yeye anakula ncha tu. Huku kwenye kikonyo ananiachia mimi na watoto."



Ndugu zangu, sisi hapa kanisani tunaonjana nchani. Tunashikana mikono, tunaulizana hali, "Bwana asifiwe" mpaka getini. Mzee wa kanisa mpole, mama wa kwaya mpole, mchungaji ndiyo usiseme. Nani kati yetu amewahi kumfokea mgeni? Ukali wetu tunaupeleka nyumbani, kwa wale wasioweza kutuhama. Kisha binti yetu akipata mchumba tunasema, kijana yule hana neno, tunamwona ibadani kila Jumapili. Umemwonja wapi?

Inasikitisha, lakini ndivyo tulivyo. Mungu hatawaita majirani waje kutushuhudia. Atawaita waliokula nasi chungu kimoja.

Kwa hiyo leo usinisubiri mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda nyumbani, ukae na mwanao, umuulize: "Mimi ni mtu wa namna gani?" Ukimwona anakutazama kwanza usoni ili ajue ajibu nini, umeshajibiwa.