Ningu Mmoja, Majina Matatu

Sogeeni karibu, ila muache nafasi ya watu wawili hapo katikati. Msiniulize ni ya nani. Tutafika.

Palikuwa na watu watatu kando ya mto Irangwe, mto unaoteremka kutoka vilimani hadi ziwani. Wa kwanza, mzee Chirangi, alikuwa na sikio. Akigonga ukuta alijua kama ndani ni mzima au umeoza, na kuku wake akitaga kwa jirani alijua pia, ndiyo maana majirani hawakumpenda sana. Wa pili, Maregesi, alikuwa na ulimi. Aliwahi kuwapatanisha wake wenza wawili vizuri mno, mpaka wakamgeukia mume wao. Wa tatu, Nyanjura, alikuwa na pumzi. Akizama majini, waliobaki ukingoni walimaliza habari moja na kuanza nyingine kabla hajaibuka.

Zamani, kila masika, samaki waitwao ningu walipanda Irangwe kutoka ziwani, matumbo yamejaa mayai, wakaenda kutaga kwenye vijito vya juu. Wa kwanza kunaswa hakuliwa. Aliwekwa kwenye beseni la maji, akatajiwa jina la mtu aliyechukuliwa na maji na mwili wake usionekane, kisha akaachiwa aendelee kupanda. Marehemu alirudi nyumbani pamoja naye. Ilikuwa samaki mmoja na jina moja, mara moja kwa mwaka.

Kisha kikajengwa kiwanda cha pamba, kiwanda kikataka bwawa, na ukuta ukasimamishwa kuziba mto. Kiwanda kilifungwa baada ya miaka sita. Ukuta ulibaki miaka thelathini na mbili. Ningu walifika chini yake, wakazungukazunguka, wakapungua, na mwisho hawakuja tena. Waliochukuliwa na maji wakakosa wa kuwapeleka nyumbani. Mchana, upepo ukitulia, wanawake waliokuwa wakifua bwawani walisikia nyayo juu ya ukuta, zinakwenda mpaka mwisho, zinarudi. Walifua haraka na kuondoka.

Nyanjura hakusikia nyayo. Alisikia kidumu. Mwanawe Nyakwesi, wa miaka saba, alikwenda kuchota maji na kidumu cha manjano chenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, na mfuniko ulikuwa ukigonga ubavuni, ko, ko, ko, njia nzima. Hakurudi. Ilikuwa miaka tisa sasa, na bado watu walimwita Mama Nyakwesi. Aliitika, na kila alipoitika moyo ulimuuma.

Basi hao watatu wakaamua kuuondoa ukuta.

Maregesi alifanya yake. Wenye bustani za vitunguu kando ya bwawa hawakutaka hata kusikia. Alizunguka nyumba kwa nyumba masika mawili. "Shamba la kwanza kukauka ni langu," aliwaambia. "Mkiona nimekonda, njooni mnicheke." Akaenda ofisini mara kumi na moja mpaka barua ikagongwa muhuri. Bila yeye, ukuta usingeguswa.

Chirangi alifanya yake. Siku nne alitembea juu ya ukuta akigonga kwa kokoto na kutega sikio, akichora alama za chokaa. "Mkibomoa hapa, maji yatatoka kwa adabu," alisema. "Mkibomoa pale, tutaokotana ziwani." Baba yake, Kuboja, alikuwa fundi wa ukuta uleule. Aliteleza siku ya kufunga mto, hakuonekana tena. Chirangi alipofika mahali hapo hakugonga, aliweka kiganja tu. Bila yeye, kijiji kingekwenda na maji.

Nyanjura naye alifanya yake. Chini kabisa kulikuwa na mlango wa chuma, na komeo lake limezikwa kwenye tope. Alizama mara mbili akilichimbua. Mara ya tatu, mkono ukiwa juu ya komeo, alisikia ko, ko, ko, upande wa kushoto, karibu kabisa. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya jambo moja. Akavuta komeo. Alipoibuka watu walishangilia, naye alikuwa akilia, wakadhani ni furaha. Bila yeye, maji yasingeshuka.

Yalishuka wiki tatu, na topeni wakaokota kidumu cha manjano, mfuniko bado umefungwa. Mtoto hakuwepo. Kisha vijana wakaanza kubomoa. Siku ya mwisho kipande cha ukuta kiliachia ghafla kikamchukua Bwire, mdogo wake Maregesi, nyundo mkononi. Walimtafuta siku tano, mpaka ziwani, bila kumpata.

Masika yakaja. Wakatega migono, ile mitego ya kusukwa, na siku kumi na tisa ilikuwa mitupu. Siku ya ishirini, mvua ikianza kukatika, alikuwamo ningu mmoja jike, tumbo zito. Wakamtia kwenye beseni.

Kijiji kilikubaliana kwamba safari hii anayetaja jina ni yule aliyeufungua mto. Wakatazamana.

"Baba yangu amengoja kuliko wote," alisema Chirangi. "Nami, wanangu, masika yajayo sijui kama nitakuwepo. Nikienda, nani atamkumbuka?"

"Mzee wangu, Bwire hakutaka kazi ile," alisema Maregesi. "Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemshawishi. Kama ni kuufungua mto, ameufungua kuliko sisi, maana ameulipia."

Nyanjura alikuwa amechuchumaa, mikono ndani ya beseni. "Baba, kaka, wenu ni watu wazima," alisema. "Wangu ana miaka saba."

"Tuwataje wote watatu," alisema Maregesi.

"Hilo lilijaribiwa enzi za babu yangu," Chirangi akajibu. "Samaki alizunguka pale pale mpaka akafa."

"Basi wawili wangoje mwakani."

"Mwakani samaki gani?" Nyanjura akauliza. "Wa mwakani wamo tumboni mwa huyu. Tukichelewa, anafia humu."

Upepo ukatulia. Pale palipobaki kipande cha ukuta zikasikika nyayo za mtu mzito, na nyuma yake za kijana anayekimbia kumfikia, na nyuma yao wote, ko, ko, ko. Safari hii walisikia wote watatu. Nyanjura hakugeuka. Aliwahi kuuacha mlio ule mara moja, na mikononi mwake ningu alikuwa akipanua matamvua polepole, kisha polepole zaidi.

Ile nafasi hapo katikati ni ya wawili ambao hutawataja. Watakuja kukaa, na watataka kusikia sababu. Beseni liko mbele yako. Je, wewe ungetaja jina la nani?