Siku Watani Walipolala Kaburini

Enzi za waliotutangulia, bando la wiki lilipodumu wiki, aliishi Iringa Sigrada wa Mwachang'a, mjukuu wa wapiga mikuki, Mwenye Kidole Kisichotetemeka. Siku ya kumzika mumewe, Wangoni, watani wa Wahehe wenzake, walishuka kaburini wakalala, wakagoma kutoka mpaka mjane acheke, akacheka, akapona. Ndipo akaasisi mtandaoni Uwanja wa Watani, ili makabila hayo mawili yaliyotawanyika mijini yaendelee kutukanana kwa upendo.

Wenye mtambo uliobeba Uwanja, watu wa mbali wasiojua mtani ni nani, wakatoa tangazo lililoanza na "Katika kuboresha huduma", maneno ambayo tangu dunia iumbwe hayajamletea mtu heri. Sera mpya ilikataza kejeli za kikabila. Mashine ikasoma "Babu yako alikimbia vita akaacha ngao", ikaona chuki, ikahukumu Uwanja ufungwe Ijumaa na yote yafutwe, hata vicheko vya waliokwisha kufa.

Chakula kikamkataa Sigrada. Watu wakajaribu adabu asubuhi nzima, "Mheshimiwa Mngoni, natumaini u mzima", mpaka Uwanja ukanuka ofisi. Basi shujaa akaisoma sera hadi mwisho, jambo ambalo hata aliyeiandika hakulithubutu, akakuta kwamba ukumbi haufungwi kabla kila rufaa haijasomwa na binadamu. Akatamka:

"Huu ni msiba. Waiteni watani walale kaburini."

Xavery Luambano, jemadari wa Wangoni, akajibu: "Wakimbizi nyie, mkifa nitamtukana nani? Tunashuka."

Wakashuka, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na rufaa yake. Mmoja alisema si haki kumzika mtu ambaye bado anakimbia. Maofisa wakasoma, wakajibu "Maoni yako ni muhimu kwetu", wakasoma tena. Ijumaa ikapita, na nyingine, hadi wakatangaza kwamba, baada ya mashauriano ya kina na wadau, imebainika utani si chuki. Uwanja ukashusha pumzi. Sigrada akala ugali sahani mbili, kisha akamtukana Luambano hadi jua likazama.

Miaka ikasonga, Mola akamwita Sigrada. Luambano, mzee sasa, alishuka kaburini mwake akalala.

"Simpishi," alisema, "mpaka Wahehe wakiri nani alikimbia."

Wakakiri, mara ya kwanza na ya mwisho. Akatoka akijipangusa udongo, na macho.

Hadi leo, mgeni Uwanjani haamkiwi. Huulizwa ngao ya babu yake iko wapi. Na wenye mtambo wakitangaza tena kuboresha huduma, Uwanja mzima huwajibu kwa neno moja: "Tumelala."