Furu na Kokoto za Ukubwa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na sebule, mapazia na viatu vya kuvua mlangoni, aliishi Bi Nungunungu. Nyumba yake ilikuwa karibu na ziwa, imepigwa deki ikang'aa, na katikati ya sebule palikuwa na tangi kubwa la kioo lililojaa maji. Humo alifuga samaki.

Msiniulize kwa nini nungunungu afuge samaki. Alijaribu kumfuga paka, lakini kila akimpakata, miiba ilimchoma paka matakoni.

Bi Nungunungu alitamani jambo moja tu: samaki wake wazae. Kila asubuhi aliwasha taa, akanyunyiza chakula, akabandika pua kwenye kioo. "Haya, wapenzi wangu! Leo mmeniletea mjukuu?"

Kioo kilikuwa kinene. Ya ndani yalibaki ndani, na ya nje yalibaki nje.

Lakini ndani ya tangi alikuwamo mmoja aliyetamani watoto kuliko hata Bi Nungunungu. Huyo ni Furu. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole changu hiki, na mwepesi kweli kweli. Ukimtazama hapa, yuko kule!

Sasa sikilizeni. Furu hatagi kiotani kama kuku. Akishataga, huyaokota mayai yake yote, moja moja, akayabeba mdomoni. Humo humo huanguliwa, humo humo watoto huota mikia. Siku ishirini na moja mama hali hata punje, na hasemi hata neno.

Hasemi neno! Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana tangini walikuwamo Sato na Kambale.

Sato alikuwa mpana kama sinia la pilau, na alikuwa amejitawaza mkubwa wa tangi. Kambale alikuwa na sharubu ndefu na mdomo mpana, na siku zote alilala chini ya tumbo la Sato akingoja kinachodondoka. Sheria ya Sato ilikuwa moja. Taa ikiwaka asubuhi, wadogo wote wampitie, wamwamkie kwa sauti. Asiyeamkia hana adabu, na asiye na adabu huchapwa mkia.

Mara ya kwanza Furu alipobeba mayai, alijaribu kupita pembeni, polepole.

"We Furu!" Sato akanguruma. "Unanipita kama unapita jiwe? Mama yako hakukufunza?"

Furu alifunzwa vizuri na mama yake, na hakuweza kuvumilia kuitwa mkosefu wa adabu. "Shika..." akaanza.

Pu! Pu! Pu! Mayai yakamruka mdomoni.

Gubu! Kambale akayameza yote. "Ahsante kwa kifungua kinywa," akasema, akipangusa sharubu.

Mara ya pili Furu aliapa kutofungua mdomo. Sato akamchapa mkia, pa! Akamchapa tena, pa! Furu akatweta, na alipotweta, pu, pu, pu. Gubu!

Siku hiyo Furu alijificha ndani ya chungu kilichovunjika, nyumba yake pale tangini, akalia. Machozi ya samaki hayaonekani majini, lakini alilia sana. "Adabu yangu ndiyo inayoniulia watoto," alisema. "Nikisema, wanaliwa. Nikinyamaza, nachapwa, wanaliwa. Nifanye nini mimi?"

Alilia mpaka akachoka kulia. Kisha akawaza: mimi nikifunga mdomo, nachapwa. Lakini wao wakifunga mdomo, ni nani atakayenidai salamu?

Akacheka peke yake chunguni.

Asubuhi, kabla ya taa kuwaka, Furu aliokota kokoto ndogo ndogo za sakafuni mwa tangi, akajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba. Taa ikawaka, naye akapita mbele ya Sato, taratibu, kama bibi harusi.

"We Furu! Salamu iko wapi?"

Kambale alikuwa chini tayari, mdomo wazi kama kapu.

"Shi-ka-moo!" Furu akatamka kwa nguvu zake zote.

Kakara kakara kakara!

"Gu... Aaaa! Jino langu! Jino langu jamani!" Kambale akabiringika, akitema mawe.

"Marahaba," alijibu Sato, maana na yeye alishangaa. "Lakini kokoto za nini mdomoni? Umerukwa na akili?"

"Siwezi kusema, mzee. Ni siri ya ukoo wetu."

"Siri! Kwenye tangi langu? Sema!"

Furu akamtupia jicho Kambale. "Naona haya, mzee. Mbele ya watu..."

"Kambale! Hebu nenda kona ile!"

"Mimi?"

"Wewe! Kwani kuna Kambale mwingine?"

Kambale akaenda, akinung'unika, huku ameshika taya. Furu akasogea sikioni.

"Mzee, umewahi kumsikia Sangara wa ziwani?"

"Nani hamjui? Mkubwa kama mlango."

"Bibi yangu alinihadithia. Babu yake Sangara alikuwa mdogo kama mimi. Akajaza kokoto mdomoni siku ishirini na tano. Hakula, hakusema, hakuachama. Siku ya ishirini na tano alipozitema, ndiyo hivyo, mlango."

"Muongo mkubwa we!"

"Nimeanza jana tu, mzee. Hukuyaona mashavu yangu?"

Sato alikuwa ameyaona. Kweli yalikuwa yamevimba.

"Sasa nimezitema kwa sababu ya shikamoo, itabidi nianze upya," Furu akaguna kwa huzuni. "Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Kambale. Yule kichwa kikubwa anacho tayari. Akianza kabla yako, atakupita."

Sato akaanza kuzikodolea macho kokoto za sakafuni.

Furu akapita nyuma ya mimea, shwaa, akatokea kwenye kona ya Kambale. "Pole, kaka."

"Usiniite kaka. Umenivunja jino."

"Nimekuja kukuomba radhi. Hivi hukujiuliza kwa nini umefukuzwa wakati mkubwa wako anaambiwa siri?"

"Nimejiuliza!" Kambale akavuta sharubu. "Nimejiuliza sana!"

Basi Furu akamwambia habari ile ile ya babu yake Sangara, neno kwa neno. Akaongeza, "Hataki ujue. Anasema kambale ni wa kulala matopeni, ukubwa wa nini?"

"Kasema hivyo?"

"Mimi sikusema kitu, kaka. Mimi mdogo."

Watoto wangu, asubuhi iliyofuata taa iliwaka, na mngekuwapo mngecheka. Sato mashavu yamemvimba kama maandazi mawili. Kambale kajaza kokoto mpaka macho yamemtoka.

"Mmh?" alisema Sato, akimkodolea macho.

"Mmmh!" alijibu Kambale.

Walielewana vizuri sana. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuacha, maana atakayetema kwanza ndiye atakayekuwa mdogo.

Furu akapita mbele yao. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuna aliyemdai salamu. Hata hivyo aliinamisha kichwa kidogo, maana adabu ni adabu.

Siku hiyo hiyo, chunguni, mumewe, furu dume aliyeishi naye tangini, alimchezea ngoma ya ndoa. Alikuwa wa buluu, ana madoa ya njano kwenye pezi, akajitikisa tri, tri, tri. Furu akataga mayai ishirini na saba, akayaokota yote. Mume akaona kazi yake imekwisha, akarudi kujitazama kwenye kioo.

Tangi lote likanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuwa njiani.

Siku ya tano ikapita. Siku ya kumi ikapita. Chakula kilinyunyizwa, kikaelea, kikashuka mbele ya pua ya Sato. Ngruuu! likasema tumbo lake. Akamtazama Kambale. Kambale naye akamtazama. Chakula kikaanguka sakafuni. Sato akaenda kujitazama kwenye kona ya kioo, akaona mashavu yake manene, akafarijika. Mgongo wake ulikuwa umekonda kama jani, lakini nani hutazama mgongo wake mwenyewe?

Furu naye njaa ilimuuma. Msinione namsifu mkadhani alikuwa wa chuma. Kuna wakati alikiona chakula akataka kulia. Lakini ndipo mkia mmoja, mwembamba kama uzi, ulipomtekenya ulimi. Kisha wa pili. Kidogo acheke! Akauma mdomo, akakimbilia chunguni, akatulia humo mpaka kicheko kikapita. Njaa ikarudi, lakini sasa alijua anaivumilia kwa ajili ya nani.

Siku ya kumi na tano Bi Nungunungu akaja na wavu mkononi na chupa ya dawa kwapani.

"Mungu wangu! Watatu hawali! Mashavu yote yamevimba! Hii ni homa ya mashavu. Naanza na huyu mdogo."

Wavu ukashuka, chubwi! Furu akaruka kulia, akaruka kushoto. Dawa ikiingia mdomoni, watoto wamekwisha. Asiweze kupiga kelele, asiweze kusema "Bibi, siumwi!" Akafanya lililobaki. Aliogelea moja kwa moja hadi kwenye kioo, mbele ya pua ya Bi Nungunungu, akafungua mdomo kidogo tu, kama ufa wa mlango.

Bi Nungunungu akakaza macho. Ndani ya koo la Furu aliona macho mengine. Madogo, meusi, mawili mawili, yakimtazama.

Chupa ikaanguka, pwaa!

"Wajukuu! Furu amebeba watoto mdomoni!" Akageuka. "Na Sato mashavu yamevimba! Na Kambale! Jamani, wote watatu! Nyumba yangu ina baraka!"

Akatoka mbio kuwaambia majirani, miiba imesimama kwa furaha. Jioni alikuwa ameandaa tangi dogo lenye maji masafi na majani laini, na beseni mbili za kuwapokelea wana wa Sato na wana wa Kambale.

Siku ya ishirini na mbili taa ilipowaka, Furu alihisi mdomo hautoshi tena. Watoto walikuwa wakisukumana, wakipiga teke. Alitoka chunguni, akafumba macho, akafungua mdomo.

Mmoja. Wawili. Watano. Ishirini na saba! Wakatawanyika majini, majina yao bado hayajatungwa. Na mnajua watoto walivyo. Walikwenda moja kwa moja kwenye pua ya Sato!

Furu aliganda. Hapo ndipo aliposhika roho mkononi.

Sato akatoa macho. Kambale sharubu zikamtetemeka. Siku ishirini na mbili bila kula, na sasa chakula kimekuja chenyewe mdomoni! Lakini mdomo umejaa. Akitema, Kambale atakuwa mkubwa kama mlango, naye Sato atakuwa nani? Na Kambale aliwaza hivyo hivyo.

"Mmh?" alisema Sato. Tema wewe kwanza.

"Mmmh!" alisema Kambale. Anza wewe.

Mtoto mmoja mtundu akafika kwenye mdomo wa Sato, akaugusa, akarudi nyuma, akaugusa tena. Sato akafumba macho asimwone.

Furu, ambaye sasa mdomo wake ulikuwa huru, akasogea kwa heshima. "Vumilieni, wazee wangu," akasema. "Zimebaki siku tatu tu."

Mara sauti ikasikika kutoka juu. "Wamezaliwa! Majirani, njooni!" Bi Nungunungu akachota kwa bakuli pana, taratibu, Furu na wanawe wote, akawamimina kwenye tangi dogo. Hakubaki hata mmoja nyuma.

Kisha akamtoa Sato, akamweka kwenye beseni. Majirani wakasongamana. Bi Kanga, Bi Bata, wote shingo ndefu.

"Haya, mama Sato. Usione haya. Watoe watoto wako tuwaone." Akambonyeza mashavu kwa kidole kimoja, kwa upole.

Kakara kakara kakara!

Bi Kanga akasema, "Hee! Sato kazaa kokoto!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kambale aliyekuwa tangini aliona mkubwa wake akiaibika, akashindwa kujizuia, naye akacheka. Kakara kakara! Zake nazo zikamwagika.

Sato aliporudishwa majini aliuliza kwa sauti ndogo, "Kambale, nitazame. Nimekua?"

"Umekua kama kijiti cha kiberiti. Na mimi je?"

"Wewe umebaki sharubu."

Wakageukia tangi dogo, wakapiga kelele kwamba wamedanganywa, kwamba kokoto hazimkuzi mtu. Furu hakusikia neno, kioo kilikuwa kinene. Aliona midomo tu ikifunguka na kufumbika, akakisia. "Kwani nimedanganya sana?" alijisemea. "Nilifunga mdomo nikiwa mmoja. Leo tuko ishirini na wanane."

Asubuhi ya kesho yake taa ikawaka. Furu alifumbua macho, akawakuta watoto ishirini na saba wamejipanga mbele yake. Hakuna aliyewafundisha. Labda walijifunza humo humo mdomoni.

"Shikamoo, mama!"

Furu akashtuka, akafumba mdomo haraka, akaukaza kwa woga, kama alivyozoea. Kisha akakumbuka. Akaufungua polepole, halafu akaufungua wote, na hakuna kilichodondoka.

"Marahaba!" akasema, na kulia akalia. "Marahaba, wanangu!"

Nami nawaachia hapo, watoto wangu, na neno moja la kulalia: anayefunga mdomo kwa ajili ya wenzake huongezeka, na anayeufunga kwa tamaa huishia kutema kokoto.